Mwaka Niliouficha Mkono

Wiki tatu zilizopita tulimzika Wambui kule Kitale. Baada ya ibada watu walipanga mstari wa kusalimiana, kama ilivyo desturi ya makanisa ya huku kwetu: wa kwanza kutoka anasimama, wa pili anampa mkono kisha anasimama kando yake, wa tatu anawapa mkono wote wawili na kujiunga, hivyo hivyo mpaka kila mtu awe amemshika kila mtu. Mimi nilitoa mkono wa kushoto, kama nilivyozoea. Msichana mmoja wa upande wa wakwe za Wambui akamwambia mwenzake, "Huyu nyanya yuko sawa kweli? Ati anasalimia na kushoto." Vijana hudhani ukizeeka masikio yanatangulia kaburini. Nilimsikia vizuri sana, na nikacheka peke yangu, kwa maana mtu ambaye angeweza kumweleza habari ya mkono huu alikuwa ndani ya sanduku. Nikarudi nyumbani Bungoma, nikamlilia rafiki yangu kwa njia ya kizee, yaani kwa kukosa usingizi na kugombana na redio. Siku ya tatu nikachukua kalamu.

Sitawasumbua na habari za babu zangu na mahali walikotoka. Wazee wengi wakiandika huanzia huko, na wasomaji husinzia. Naanza na uvimbe. Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo inaanza, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni karibu na Misikhu. Nilikaa kwa senge Rasoa, dada ya baba yangu, katika nyumba ya vyumba viwili iliyonuka moshi na maziwa lala. Uvimbe ulikuwa chini ya kwapa la kulia. Mwanzoni ulikuwa kama punje ya haragwe, hauumi, na jambo lisilouma mtu huliahirisha. Ulipofika ukubwa wa yai la kuku ndipo nilipoogopa, nikamwandikia Wambui. Tulikuwa tumelala bweni moja shuleni. Wazazi wake walitoka sehemu za kati wakaja kulima Kachibora, naye aliuza nafaka na unga wao sokoni Kitale. Alinijibu kwa mistari miwili: nije likizo ya Desemba, hospitali ipo na kitanda chake kinatosha watu wawili wasiokoroma. Nikamwambia senge naenda kumsaidia Wambui kuuza unga wa Krismasi. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza mwaka ule, na mdogo kuliko wote.

Wadi ya wanawake ilikuwa na vitanda kumi na viwili na dirisha moja lililotazama mashamba ya mahindi. Asubuhi baridi ya Kitale iliingia humo kabla ya daktari. Yeye alikuwa Mzungu aliyejua Kiswahili cha kuamrisha tu, kwa hiyo aliyenieleza mambo alikuwa dresa, yule mtu wa kusafisha na kufunga vidonda, kijana wa kwetu aliyeitwa Elija. Nilipomtambua nilitaka kushuka kitandani nikimbie, dawa ya usingizi ikiwa bado kichwani. Baba yake, Mzee Zakayo, alikuwa mzee wa kanisa letu Misikhu. Kitu anachokijua mzee wa kanisa Jumamosi, waumini wote wanakijua Jumapili kabla ya wimbo wa pili. Elija aliuona uso wangu akavuta kigoda.

"Mwalimu, mimi sisemi mambo ya wadi nje," aliniambia. "Hata kwa baba. Sasa sikiza. Ile kitu imetolewa ni kansa. Daktari anataka urudi likizo ya Aprili, afungue tena, atoe tezi zenye zimebaki. Asipotoa, inaweza kurudi."

"Na huu mkono? Mbona unawaka?"

"Mshipa wa kuhisi ulikuwa umeshikana na uvimbe. Kisu imeugusa. Inaweza kupoa pole pole, inaweza kukaa. Sitaki kukudanganya."

"Na wakinikata tena?"

Akatazama sakafu. "Inaweza kuzidi," akasema.

Nijaribu kueleza maumivu hayo, ingawa nimejaribu miaka yote hii na sijawahi kuridhika. Hayakuwa ya kidonda. Kidonda kilifunga kwa wiki tatu. Yalianzia kwapani, yakashuka upande wa ndani wa mkono hadi vidole viwili vya mwisho, kama mtu aliyeshika sufuria iliyotoka motoni na hana pa kuitua. Ajabu yake ni kwamba kugongwa na mlango hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kuguswa kidogo: mkono wa gauni, upepo wa jioni, nzi akitua. Nililia mara moja kwa sababu ya nzi, mimi mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu. Kila mwezi niliporudi Kitale kukaguliwa, Elija alinipa vidonge na chupa ya dawa ya kahawia, chungu ajabu, iliyoyasogeza maumivu mbali kidogo pamoja na akili yangu yote, kwa hiyo niliinywa siku za Jumamosi tu, siku ambazo sikuwa na wanafunzi. Siku nyingine nilijitengenezea mbinu. Nilifungua mshono wa gauni upande wa kulia, nikajifunika leso kubwa juu. Nililoweka kitambaa kwenye mkebe wa maji ya kisima nikakizungusha mkononi. Ubaridi ulinipa robo saa, na robo saa kwa robo saa siku huisha. Niligundua pia kwamba maumivu yalipungua nikiwa nasimulia hadithi, kwa hiyo darasa la kwanza la mwaka ule lilisimuliwa hadithi kuliko darasa lolote la wilaya.

Nilianza kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto. Kufikia Februari mwalimu mkuu aliingia darasani akasimama nyuma muda mrefu, kisha akaniita nje. Alitaka kujua kwa nini watoto arobaini wote wanaandika kwa kushoto. Sikuwa nimeona. Waliniiga mimi, maskini, wakidhani ndivyo kusoma kulivyo. Wazazi walikuwa wamelalamika kwamba hata ugali wanaulia mkono huo. Nikamwambia nina mteguko wa bega. Aliamini, au alijifanya ameamini, na mimi nikatumia muhula uliobaki nikiwafundisha watoto wafuate ninayosema, wasifuate ninayotenda.

Mtaniuliza kwa nini sikusema tu ukweli. Leo naona ni upumbavu, lakini upumbavu ule ulikuwa na sababu. Kansa lilikuwa neno ambalo watu wetu walikuwa hawajalizoea, na ugonjwa usiozoeleka watu huutafutia mchawi. Niliwahi kuona mwanamke wa Chwele mwenye donda kifuani akipelekewa chakula kwenye bakuli lake peke yake, bakuli lililooshwa kando na vyombo vingine. Aliyemwoshea alikuwa dada yake wa damu. Niliogopa bakuli lile kuliko nilivyoogopa kaburi.

Shida yangu kubwa ilikuwa Jumapili. Ule mstari niliousema ulikuwa na watu zaidi ya mia, na salamu ya kwetu si ya kugusana vidole. Mtu hukamata mkono akautikisa mpaka aulize habari za ng'ombe. Kumpa mtu kushoto ni kumtukana. Wiki za kwanza nilitoka kabla ya sala ya mwisho, nikasikia nasemwa kwamba mwalimu ameanza kiburi cha Kitale. Kisha nikabuni ujanja wa kubeba watoto wa watu: nilimpakata mmoja kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa ndani ya leso, nikapita nikiinamisha kichwa na kutabasamu. Akina mama walifurahi kupumzika. Jumapili moja mwishoni mwa Februari nilikosa mtoto wa kubeba, na mvua ya jana yake ilikuwa imelowesha uwanja, kwa hiyo hakukuwa na njia ila kupita katikati. Mzee Zakayo alikuwa mbele yangu, mrefu, koti lake jeusi limefungwa vifungo vyote, mkono ameshaunyosha. Kidole chake kilipogusa changu nilirudi nyuma hatua mbili, nikauficha mkono, nikainama kabisa ili asione machozi.

Kisha nikasikia wanawake nyuma yangu wakisema "Eeeh" taratibu, ile ya mtu aliyeelewa jambo. Ni lazima nieleze. Kwetu mwanamke hamshiki mkono baba wa mume wake, hakai karibu naye, wala hawapiti njia moja bila kupishana. Si chuki, ni heshima, na huanza mapema, pale tu kijana na msichana wanapokubaliana. Wamisionari walipiga vita pombe na ngoma, lakini jambo hili hawakulifahamu, kwa hiyo liliwaponyoka. Sasa hapa kuna msichana anayekwenda Kitale kila mwezi, na Kitale kuna Elija mwana wa Zakayo, asiye na mke. Msichana huyo amekataa mkono wa Zakayo, amerudi nyuma na kuinama mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mzee mwenyewe alirudisha mkono wake kama aliyeungua, akageuka upande, na nikaona amefurahi mpaka ameona haya.

Jioni ile nilikuwa ndani, mkono ukiwa kwenye mkebe wa maji, senge na jirani yake wakichambua kunde nyuma ya jikoni. Ukuta wa udongo hauna siri.

"Uliona vile alirudi nyuma?" alisema jirani. "Na kichwa chini. Huyo amefundishwa."

"Mimi ndio nilimfundisha," akasema senge, ambaye hakuwahi kunifundisha jambo hilo.

"Kumbe hii safari ya Kitale si ya unga."

"Unga gani? Hiyo unga iko na dresa ndani."

Walicheka mpaka wakaacha kunde. Ningeweza kutoka wakati huo nikasema. Neno moja tu lingetosha, na jirani angefanya kazi iliyobaki. Lakini nilihesabu faida. Ndugu zake Zakayo walikuwa sita, na binamu zake walijaa safu mbili kanisani; wote hao, kwa siku moja, walikuwa wamegeuka baba wakwe zangu. Nusu ya mstari ilikuwa imeondolewa mbele yangu. Nikanyamaza, nikabadilisha maji ya mkebe. Katika mambo niliyoyafanya maishani kwa akili timamu, hilo ndilo ninalolionea haya zaidi.

Machi nilikwenda Kitale kama kawaida, juu ya lori la magunia. Chumba cha Wambui kilikuwa cha mabati, magunia yamepangwa hadi darini, na kitanda kimebanwa kati ya mahindi na wimbi. Alikuwa amesonga irio, akaniwekea sahani, kisha akanitazama nikila kwa kushoto. Baada ya chakula alileta karai lililojaa unga laini.

"Leta hiyo mkono."

"Utaniua."

"Unga imeua nani? Weka. Ukisikia moto, toa. Ukipoa, rudisha."

Alikuwa amewaza peke yake, bila daktari wala kitabu, kwamba mkono uliosahau kuguswa ufundishwe upya kwa kitu chepesi kuliko vyote alivyokuwa navyo. Siku ya kwanza niliweza kuuacha ndani ya unga kwa muda wa kusema Baba Yetu. Nikaondoka na mfuko wa unga ule niendelee nyumbani. Aliniambia nikizoea unga tutaingia wimbi, na nikizoea wimbi tutaingia mahindi. Sikuamini hata kidogo, ila ilinipa kazi ya kufanya na maumivu badala ya kuyasubiri tu.

Tulikuwa hapo, mkono mweupe hadi kiwiko, Elija alipobisha hodi. Alikuwa ametoka kazini, kofia mkononi. Alikaa juu ya gunia akazungusha kofia hiyo mara mbili.

"Baba ameniandikia barua," akasema. "Ati ametenga mtamba mmoja wa mahari. Wazee watakuja kwa senge yako juma la pili la Aprili."

"Umemjibu nini?"

"Sijajibu. Nikikataa, ataniuliza basi unakuja Kitale kufanya nini, na hiyo siwezi kusema. Lakini mimi sijali hiyo maneno ya watu, mwalimu. Mimi najali kitanda. Daktari amekuandika juma hilo hilo."

"Sitakuja," nikasema.

Nilikuwa sijawahi kulisema kwa sauti. Nikaendelea kabla hajanikatiza. Nikasema nimejifunza kuishi na mkono huu, kwa shida, lakini nimejifunza. Nikiongezewa moto mwingine mbaya kuliko huu sitaweza. Nikasema pengine hakuna kitu kilichobaki humo ndani. Elija hakunihubiria. Alisema tu kwamba hawezi kuniahidi hautauma, ila atakuwa hapo kila asubuhi kubadilisha bandeji, na hatamruhusu mwingine aiguse. Wambui ndiye aliyekasirika. Aliinua karai akalitua chini kwa kishindo. "Kwa hivyo utakufa na mkono nzuri," akasema. "Sawa. Tutauzika ukiwa nzuri." Hakusema nami tena hadi asubuhi nilipopanda lori, na hata hapo alinirushia tu mfuko wa mkate.

Nilikuwa nimeamua, na ningebaki hivyo, kama si miguu ya Mzee Zakayo. Mvua za masika zilianza mapema. Njia ya kutoka kwa senge hadi shuleni ilikuwa nyembamba, ina nyasi ndefu pande zote, na mzee alikuwa na goti bovu lililomfanya atembee na fimbo. Kila tulipokutana asubuhi, yeye alikuwa wa kwanza kuondoka njiani. Mimi kijana, mwenye miguu mizima, ndiye niliyepaswa kuwahi, lakini aliniona kwa mbali akawahi yeye: aliingia kwenye nyasi zenye maji, akageuza uso upande wa mlima, akasimama hapo suruali ikilowa hadi magotini, mpaka nipite. Alifanya hivyo siku nne katika juma moja. Siku ya nne aliteleza, akashika kichaka, akajizuia kuanguka, na hata hapo hakunitazama. Nilipita nikiwa na aibu iliyozidi ule moto wa mkononi. Mtu yule alikuwa ananipa heshima yote aliyokuwa nayo, na mimi nilikuwa nimeiiba.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani bila mtoto wala leso. Mzee aliponiona akaanza kugeuka upande. Nikamwita jina lake, jambo ambalo mkwe hathubutu, na watu wakaguna.

"Mzee Zakayo, usigeuke. Mimi si mkwe wako. Elija hajaniposa. Mimi ni mgonjwa. Nilikatwa uvimbe kwapani, wanauita kansa, na mkono huu haugusiki. Niliwaacha mdhani vile kwa sababu ilinifaa."

Senge Rasoa alikaa chini palepale kwenye nyasi. Mzee alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu Februari. Macho yake yalikuwa madogo na mekundu kidogo kwa moshi.

"Basi sikukosea kukupisha," akasema. "Mgonjwa pia hupishwa. Na matibabu?"

"Wanataka kunikata tena juma lijalo. Nimekataa."

"Unaogopa kisu?"

"Kisu nitakuwa nimelala. Naogopa kuumwa zaidi ya hivi."

Watu zaidi ya mia walikuwa wamesimama na sikuona yeyote aliyerudi nyuma. "Kama wewe si mkwe," akasema mzee, "basi mimi na wewe hatujasalimiana tangu mwaka uanze." Akaegemeza fimbo yake ubavuni, akanyosha mkono, kiganja juu, umefunguka. "Lete pole pole. Wewe ndio utasema imetosha."

Nikauweka. Kilikuwa kiganja cha mkulima, kigumu kuliko wimbi na kuliko mahindi, na moto ulipanda hadi shingoni. Hakukifunga. Hakutikisa, wala hakuuliza habari za ng'ombe. Alisimama tu, goti bovu na yote, akisubiri, nami nikalia mbele ya kanisa bila kuuficha uso. Sijui ilikuwa muda gani. Nilisema imetosha, akaondoa mkono wake chini ya wangu taratibu.

"Sasa umejua unaweza," akasema. "Enda Kitale." Kisha akamgeukia aliyefuata mstarini. "Mwalimu anasalimiwa kwa kushoto. Kila mtu atoe kushoto." Nikapita mstari mzima, na watu wale, waliolelewa wakijua kushoto ni tusi, walinipa kushoto kwao mmoja mmoja, wengine wakikosea na kujirekebisha.

Nilikwenda. Senge alikuja nami, akanisuta njia nzima kwa kumficha, kisha akalala siku tisa sakafuni kando ya kitanda changu, akala sahani moja na mimi. Tezi zilitolewa, na ugonjwa haukurudi. Maumivu yalizidi kwa miezi kadhaa, kama Elija alivyosema, halafu yakapungua hadi pale yalipo leo. Makarai ya Wambui yalinisaidia, ingawa mahindi sikuwahi kuyamudu vizuri. Elija alibadilisha bandeji kila asubuhi. Alipoacha kuniita mwalimu nilijua, na miaka miwili baadaye mtamba yule, ambaye sasa alikuwa ng'ombe mwenye ndama, aliletwa kwa haki.

Hivyo Mzee Zakayo akawa baba mkwe wangu kweli. Kuna familia zilizoondoa mwiko ule kwa kuchinja mbuzi, lakini yeye alikuwa mtu wa zamani na sikumwomba. Tuliishi boma moja miaka kumi na tisa. Nilimpikia, alinitumia salamu kupitia kwa watoto, tukapishana njiani. Alipokuwa anakufa, watoto wake waliingia mmoja mmoja wakamshika mkono. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pa mkwe, mkono wangu ukiwaka, nikajua kwamba siku ile uwanjani nilipomwambia imetosha, nilipaswa kungoja kidogo zaidi.